Baada ya kukatwa utumbo mpana: kufuatiliwa tu, vidonge, kemo ya miezi 3 au ya miezi 6?

Ripoti ya patholojia ya dada yangu ilikuwa na kurasa mbili, lakini mstari tulioutafuta ulikuwa mmoja: pT3 N1b, tezi 2 kati ya 17 zina saratani, kingo safi (yaani hakuna saratani kwenye ukingo wa kipande kilichokatwa). Kipimo cha CT cha kifua na tumbo kilikuwa hakijaona kitu kwingine, kwa hiyo M0. Dada akausoma mara mbili, akauliza: "Sasa nimepona au sijapona?" Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema uvimbe unaoonekana umetoka wote, na kilichobaki ni kuamua tutafanyaje na usioonekana.

Siku hiyo tulitoka na machaguo mkononi na wiki chache za kuamua. Ulinganisho huu nimeuandika kwa wanaosimama hapo hapo: saratani ya utumbo mpana imekatwa, haijasambaa mbali, na sasa kuna njia nne mbele, moja ya kufuatiliwa tu na tatu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani. Saratani ya rektamu, yaani kile kipande cha mwisho kabisa cha utumbo, ina mambo yake ya mionzi, kwa hiyo haimo humu. Hatua ya 4 nayo haimo. Mimi ni ndugu wa mgonjwa, si daktari. Haya ni ya kwenda nayo kliniki, uamuzi ufanyikie huko.

Kwanza, hiyo namba ya hatua inasema nini

Herufi T ni kina. Ukuta wa utumbo una matabaka, na T huhesabu uvimbe umechimba hadi wapi. T1 umeishia chini ya ngozi laini ya ndani, T2 umeingia kwenye msuli, T3 umevuka msuli ukafika kwenye mafuta yanayouzunguka utumbo. T4a umetoboa utando wa nje, na T4b umeshika kiungo cha jirani. N ni tezi za limfu: N0 hakuna yenye saratani, N1 ni tezi 1 hadi 3, N2 ni 4 au zaidi. M ni kusambaa mbali.

Ukizijumlisha, T1 au T2 bila tezi ni hatua ya 1. T3 au T4 bila tezi ni hatua ya 2. Tezi ikishapatikana na saratani, hata moja, ni hatua ya 3. M1 ni hatua ya 4.

Watu hushika namba ya mwisho na kuacha herufi. Hapo ndipo wanapopotea, maana hatua ya 2 si lazima iwe afadhali kuliko ya 3. Uvimbe wa T4b usio na tezi hata moja huitwa hatua ya 2C. Ule wa T1 au T2 wenye tezi moja huitwa hatua ya 3A. Kwenye takwimu za wagonjwa wengi, wa 3A huishi muda mrefu zaidi kuliko wa 2C. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi ni hatua ya 2", muulize T yake ni ngapi kabla hujampongeza.

Pia angalia idadi ya tezi zilizochunguzwa. Kiwango kinachokubalika ni angalau 12. Ripoti ikisema "0 kati ya 5", hiyo N0 ina walakini: huenda tezi yenye saratani ilikuwa ya sita. "0 kati ya 22" ni habari nyingine kabisa.

Mwisho, hatua haibadilishwi baadaye. Saratani ya hatua ya 2 ikirudi kwenye ini, kumbukumbu zitaendelea kuiita ya hatua ya 2 iliyojirudia. Hatua ni picha ya siku ile ya upasuaji.

Ikirudi, hurudi wapi na lini

Wengi hudhani hofu iko pale utumbo ulipounganishwa. Kwa utumbo mpana, kurudi kwenye mshono si jambo la kawaida. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, na chembe zilizotoroka hulikuta ini kabla ya kiungo kingine. Ndiyo maana ini huongoza. Mapafu hufuata, kisha utando wa ndani wa tumbo na tezi za mbali. Mifupa na ubongo ni nadra.

Herufi zako hudokeza njia. Uvimbe wa T4, uliokwisha kutoboa utando wa nje, una nafasi kubwa zaidi ya kupanda mbegu tumboni. Hiyo ndiyo aina ngumu, kwa sababu punje ndogo ndogo kwenye utando mara nyingi hazionekani kwenye CT hadi ziwe nyingi. Doa moja au mawili kwenye ini au pafu, yakikutwa mapema, mara nyingi yanaweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa baada ya hapo.

Kuhusu muda: takriban 8 kati ya 10 ya wanaorudiwa hurudiwa ndani ya miaka 3 ya kwanza. Baada ya mwaka wa 5 ni wachache sana. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo yenye joto, na kemo kazi yake kubwa huifanya kwenye kipindi hicho hicho.

Hesabu iliyonisaidia kuliko zote ni hii. Chukua wagonjwa 100 wa hatua ya 3. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi, karibu 50 wameshaponywa na kisu chenyewe na kemo haiwaongezei kitu. Kama 20 wataokolewa na kemo. Waliobaki, karibu 30, watarudiwa hata wakipata kemo. Shida ni kwamba siku ya kuanza dawa hakuna anayejua yuko kundi gani. Wote 100 wanakunywa dawa kwa ajili ya wale 20. Kwa hatua ya 2 hesabu hubadilika sana: karibu 80 wameshaponywa na upasuaji, na kemo inawagusa wachache mno. Ukielewa hivyo, utaelewa kwa nini daktari mmoja anaweza kumsihi mgonjwa wa hatua ya 3 aanze dawa, kisha akamwambia wa hatua ya 2 aliyefuata mlangoni aende zake hadi kliniki ijayo.

Vigezo vya kulinganisha

Kila chaguo nimelipima kwa maswali manne yale yale. Linapunguza vipi nafasi ya ugonjwa kurudi? Mwili unalipa nini? Linakaaje kwenye ratiba ya maisha? Na linamfaa nani? Sikuweka bei, kwa sababu inategemea uko wapi na nani analipa.

Chaguo la kwanza: kufuatiliwa bila kemo

*Nafasi ya kurudi.* Kufuatilia hakuzuii ugonjwa kurudi. Kazi yake ni kuukamata ungali unakatika. Utafiti wa FACS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa 1,202, uliwalinganisha waliopimwa mara kwa mara kwa damu ya CEA (protini ambayo saratani ya utumbo huweza kuipandisha) au kwa CT na waliopimwa pale tu dalili zilipojitokeza. Waliofanyiwa upasuaji wa kuponya baada ya ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 6.7 kwa CEA na 8 kwa CT, dhidi ya 2.3 kwa wale wa kusubiri dalili. Lakini usidhani kupima zaidi na zaidi ndiko kupona. Utafiti wa COLOFOL wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 2,500, ulikuta kwamba kuzidisha vipimo vya CT na CEA juu ya ratiba nyepesi hakukupunguza vifo.

Kwa hatua ya 2, kukosa kemo si kutelekezwa. QUASAR, utafiti mkubwa wa mwaka 2007 ambao wagonjwa wake wengi walikuwa wa hatua hiyo, ulikadiria kwamba kemo ya aina ya zamani iliongeza uhai kwa asilimia kama 3.6 tu. Yaani kati ya wagonjwa 100, 3 au 4. Kuna wanaosema hiyo inatosha kuinywa. Kuna wanaosema haitoshi. Wote wana haki.

*Mwili.* Haulipi kitu kwa dawa. Unalipa kwa usingizi. Wiki ya kabla ya CT ina uzito wake ambao hakuna karatasi ya kliniki inayoutaja. CEA nayo hucheza na akili: mvutaji sigara anaweza kuwa nayo juu bila saratani, na wapo ambao saratani inarudi CEA ikiwa imetulia tuli. Namba moja iliyopanda hurudiwa kupimwa kabla ya mtu kuanza kulia.

*Ratiba.* Kwa kawaida ni kumwona daktari na kupima CEA kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. CT ya kifua na tumbo ni kila miezi 6 hadi 12. Kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, hufanyika baada ya mwaka 1, na ikiwa safi, tena baada ya miaka 3, halafu kila miaka 5. Hiyo ya mwisho hutafuta hasa vinyama vipya, kwa sababu utumbo uliotoa saratani moja unaweza kutoa nyingine.

*Anayefaidika.* Hatua ya 1, bila mjadala. Hatua ya 2 yenye T3, tezi 12 au zaidi zimechunguzwa, na hakuna dosari nyingine kwenye ripoti. Zaidi ya hao, hatua ya 2 ambayo ripoti inasema dMMR au MSI-H: uvimbe ambao protini zake za kurekebisha makosa ya DNA zimekufa. Uvimbe wa namna hiyo kwenye hatua ya 2 una mwenendo mzuri wenyewe, na vidonge vya kapesitabini peke yake havionekani kuusaidia. Kama ripoti yako haina mstari wa MMR, uulizie kabla ya kukubali kidonge chochote.

Chaguo la pili: vidonge vya kapesitabini peke yake, miezi 6

*Nafasi ya kurudi.* Kapesitabini ni fluorourasili (5-FU) iliyowekwa kwenye kidonge. Utafiti wa X-ACT wa mwaka 2005, kwa wagonjwa 1,987 wa hatua ya 3, uliilinganisha na 5-FU ya sindano na ukakuta vidonge vinafanya kazi angalau sawa nayo. Sehemu kubwa ya faida ya kemo kwenye hatua ya 3 inatokana na dawa hii. Oksaliplatini, tutakayoikuta chini, huongeza juu yake.

*Mwili.* Viganja na nyayo. Kwanza ngozi inawaka kama umeshika sufuria ya moto, kisha inakuwa nyekundu, inang'aa, na mwishowe inabanduka. Nilimwona mgonjwa mmoja kwenye benchi la kliniki ambaye alama za vidole zilikuwa zimefutika. Simu yake ilikataa kufunguka kwa kidole. Mafuta mazito ya kupaka na viatu vilivyolegea husaidia, lakini dawa ya kweli ni kupunguza dozi, na hilo halipaswi kusubiri ngozi ipasuke. Kuhara ni la pili. Maumivu ya kifua ni nadra, lakini yakitokea vidonge vinasimama siku hiyo hiyo na unakwenda hospitali.

Kuna watu wachache ambao mwili wao hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja dawa hii, kinachoitwa DPD. Kwao dozi ya kawaida inaweza kuua. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2020 wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Pasipo na kipimo, ishara ni hii: madhara makali kupita kiasi ndani ya mzunguko wa kwanza kabisa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwani kapesitabini huifanya damu iwe nyepesi kupindukia. Mwenye figo dhaifu vivyo hivyo.

*Ratiba.* Siku 14 za vidonge asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kisha siku 7 za kupumzika. Mizunguko 8. Unaweza kuishi kwako, ukafanya kazi, ukaonekana mzima. Ubaya wake ni huo huo: hakuna nesi anayekuangalia. Ukitapika dozi, usiirudie. Ukisahau, usimeze mbili kwa mpigo.

*Anayefaidika.* Mgonjwa wa hatua ya 3 aliyevuka miaka 70, ambaye kwake faida ya kuongeza oksaliplatini haijaonekana wazi kwenye tafiti. Mwenye ganzi ya miguu tayari, labda kwa sababu ya kisukari, ambaye oksaliplatini ingemmalizia. Na mgonjwa wa hatua ya 2 mwenye dosari kwenye ripoti, mradi uvimbe si dMMR. Dosari ninazozisema ni hizi: T4, tezi chini ya 12, utumbo uliokuwa umeziba au kutoboka, chembe za saratani zilizoonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au kando ya mishipa ya fahamu.

Chaguo la tatu: CAPOX miezi 3

*Nafasi ya kurudi.* Hapa dripu ya oksaliplatini inaongezwa kwenye vidonge. Hadi mwaka 2018 kila mtu alipewa miezi 6. Kisha likatoka jibu la IDEA, muunganiko wa tafiti 6 zenye wagonjwa 12,834 wa hatua ya 3, lililouliza swali rahisi: miezi 3 haitoshi? Kwa wote kwa pamoja, waliokuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 74.6 kwa miezi 3 na 75.5 kwa miezi 6. Kwa mizani ya kitakwimu waliyojiwekea, haikuthibitika kwamba miezi 3 haipungukiwi.

Lakini walipogawanya makundi, picha ilibadilika. Wenye T1 hadi T3 na N1 waliotumia CAPOX walikuwa asilimia 85.0 kwa miezi 3 na 83.1 kwa miezi 6, yaani miezi ya ziada haikuwapa kitu. Kwa FOLFOX, yaani oksaliplatini pamoja na 5-FU ya dripu badala ya vidonge, haikuwa hivyo. Miezi 6 ilikuwa bora kwa jumla. Kwa hiyo "miezi 3 inatosha" ni sentensi isiyokamilika. Miezi 3 ya dawa gani, kwa T na N gani?

*Mwili.* Oksaliplatini inachukia baridi. Siku chache baada ya dripu ya kwanza dada alifungua friji, akashika chupa ya maji, akaiachia kama aliyeshika waya wenye umeme. Alikunywa funda moja la maji baridi, koo likabana akadhani anakabwa. Halikabi kweli. Ni mishipa ya fahamu inayodanganya, na hupita ndani ya dakika. Tangu siku hiyo glovu zilining'inia kwenye mpini wa friji, na maji yalikuwa ya uvuguvugu hata jua likiwa la utosi.

Hiyo ni ganzi ya muda. Ya kudumu ndiyo ya kuogopa: vidole visivyohisi kifungo cha shati. IDEA ilionyesha wazi kinachopatikana kwa kufupisha dawa. Kwenye CAPOX, ganzi ya kiwango cha 2 au zaidi, yaani inayoanza kusumbua kazi za kila siku, ilikuwa asilimia 14.2 kwa miezi 3, na 44.9 kwa miezi 6. Karibu nusu ya watu. Kichefuchefu, uchovu na chembe za damu kushuka vipo pia, na viganja na nyayo kama kwenye vidonge.

*Ratiba.* Dripu 4 tu, moja kila wiki 3, saa chache kila moja, na vidonge nyumbani kwa siku 14. Hakuna pampu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wowote wa mizunguko hii ni safari ya hospitali usiku huo huo, kesho ni mbali.

*Anayefaidika.* Hatua ya 3 yenye T1 hadi T3 na N1. Hiyo ndiyo iliyokuwa ripoti ya dada, na ndicho alichochagua. Hatua ya 2 yenye dosari kubwa, hasa T4, nayo huzungumzwa hapa mara nyingi pale daktari anapoona vidonge peke yake havitoshi.

Chaguo la nne: miezi 6 ya FOLFOX au CAPOX

*Nafasi ya kurudi.* Msingi wake ni utafiti wa MOSAIC, uliotoka mwaka 2004 ukiwa na wagonjwa 2,246. Kuongeza oksaliplatini kwenye 5-FU kulipandisha walio hai bila ugonjwa baada ya miaka 3 kutoka asilimia 72.9 hadi 78.2. Walipowafuatilia miaka 10, waliokuwa hai kwa hatua ya 3 walikuwa asilimia 67.1 dhidi ya 59.0. Kwa hatua ya 2 faida ya uhai haikuonekana. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu bado wapo wagonjwa wa hatua ya 2 wanaodhani dawa kali zaidi ndiyo salama zaidi.

Kwenye kundi la hatari kubwa la IDEA, yaani T4 au N2, miezi 6 ilitoa asilimia 64.4 na miezi 3 ikatoa 62.7. Pengo si pana. Ila mwenye tezi 7 zilizopatikana na saratani huwa halioni dogo, na sioni kosa lake.

*Mwili.* Kila kilichosemwa juu, mara mbili. Kwenye FOLFOX ganzi ya kiwango cha 2 au zaidi ilipanda kutoka asilimia 16.6 kwa miezi 3 hadi 47.7 kwa miezi 6. Na ina hila moja: inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, kabla haijaanza kupungua. Asiyejua hilo hudhani saratani imerudi kwenye uti wa mgongo.

Habari njema ni kwamba miezi 6 si kifungo. Ganzi ikianza kuganda, ikawa haiondoki kati ya dripu na dripu, oksaliplatini hutolewa na 5-FU au vidonge vikaendelea hadi mwisho. Sema mapema. Wagonjwa wengi huficha ganzi kwa kuogopa kunyimwa dawa, na hapo ndipo wanapopoteza hisia za vidole wasizolazimika kuzipoteza.

*Ratiba.* FOLFOX ni kila wiki 2, mara 12. Unakaa kwenye dripu saa chache, kisha unaondoka na pampu ndogo inayosukuma 5-FU kwa saa 46. Utalala nayo, utaoga ukiikwepa. Kwa kawaida huhitaji kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili mishipa ya mikono isichakae. CAPOX ya miezi 6 ni dripu 8, bila pampu, lakini vidonge vingi zaidi na viganja vilivyochoka.

*Anayefaidika.* T4, N2, au vyote viwili, kwa mtu mwenye nguvu na mishipa ya fahamu iliyo salama. Kati ya hizo mbili, FOLFOX humfaa asiyeweza kumeza vidonge vingi au anayehara kirahisi. CAPOX humfaa anayekaa mbali na kituo cha kemo.

Kipimo kipya kinachoingia katikati

Kuna kipimo cha damu kinachosaka vipande vya DNA ya uvimbe baada ya upasuaji. Utafiti wa DYNAMIC, uliotoka Australia mwaka 2022 kwa wagonjwa 455 wa hatua ya 2, uliwapa kemo wale tu ambao damu ilionyesha DNA hiyo. Kemo ilishuka kutoka asilimia 28 ya wagonjwa hadi 15, na walio hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 2 walikuwa karibu sawa: 93.5 kwa 92.4. Kwa hatua ya 2 iliyoko njia panda, kikipatikana, ni cha kuzungumza na daktari. Damu safi hata hivyo si hati ya kupona. Wapo wanaorudiwa baada ya jibu safi.

Kulingana na hali yako

Kama ripoti inasema hatua ya 1, funga ukurasa wa kemo. Weka tarehe ya kolonoskopi ya mwaka mmoja.

Kama ni hatua ya 2, anza na mstari wa MMR. Ukiwa dMMR na uvimbe ni T3, kufuatiliwa ndiko kunakobaki karibu kila mara. Ukiwa si dMMR, hesabu dosari. Bila dosari, kufuatiliwa. Ukiwa na T4 au utumbo uliotoboka, uamuzi ni kati ya vidonge na CAPOX ya miezi 3. Ukiwa na dosari ndogo moja, uko katikati kabisa, na swali linageuka kuwa lako: unaweza kuishi na nafasi ya wagonjwa 3 au 4 kati ya 100 bila kujaribu dawa?

Kama ni hatua ya 3 yenye N1 na T si 4, miezi 3 ya CAPOX ina ushahidi mzuri. Mtu anayeishi kwa vidole vyake, fundi cherehani, mpiga kinanda, mwandishi kama mimi, ana sababu ya ziada ya kutorefusha.

Kama ni T4 au N2, anza ukijua ni miezi 6, kisha wewe na daktari mlipime tena jambo hilo mkifika nusu. Si lazima uamue yote leo. Dripu ya nne au ya sita inaweza kuwa kituo cha kuulizana upya.

Kama umri umevuka 70, usiangalie namba ya umri peke yake. Uliza figo, moyo, ganzi iliyopo, na nani yuko nyumbani usiku homa ikipanda. Vidonge peke yake mara nyingi ndivyo vinavyobaki kuwa na akili, lakini mzee anayepanda ngazi bila kupumzika hapaswi kunyimwa mazungumzo ya oksaliplatini.

Kama ni hatua ya 3 na dMMR, usikubali vidonge peke yake bila maelezo. Hapo mchanganyiko wenye oksaliplatini ndio wenye mantiki, na mwaka 2025 utafiti wa ATOMIC ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya kinga, atezolizumabu, juu ya FOLFOX kunapunguza kurudi. Uliza kama inapatikana ulipo. Uliza pia kuhusu ukoo, maana baadhi ya dMMR ni ya kurithi, na ndugu wanahitaji kolonoskopi.

Ukishamaliza kemo, kuna kitu ambacho hakina foleni ya dirishani. Utafiti wa CHALLENGE wa mwaka 2025, kwa wagonjwa 889 waliomaliza kemo, uliwapa nusu yao mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka 3. Baada ya miaka 5 walio hai bila ugonjwa walikuwa asilimia 80.3, dhidi ya 73.9 kwa waliopewa vijitabu tu. Dada sasa anatembea kwa kasi kila jioni, na mimi nikimfuata nyuma nahema.

Na kama bado hujaamua, chukua kalenda uhesabu kutoka siku ya upasuaji. Kemo huanza vizuri kabla ya wiki ya 8 kwisha, na baada ya hapo faida yake hupungua. Kidonda kikiwa bado hakijafunga, daktari wa upasuaji na wa saratani wazungumze wenyewe kwa wenyewe, wewe usiwe mjumbe kati yao. Nenda na ripoti yenyewe, si muhtasari wake, umezungushia kalamu vitu vinne: T, N pamoja na idadi ya tezi, kingo, na MMR.